Helikopta kubwa ya rimoti inaposumbua Tabora: dalili, chanzo na tiba

Mwongozo huu ni wa mtu aliyezoea helikopta ndogo ya rimoti, ile ya kurusha sebuleni au uani, na sasa amepata kubwa ya kurusha nje: saizi ya 500, 600 au 700. (Kwenye 600 na 700 namba hiyo inakaribia urefu wa panga moja kwa milimita.) Nazungumzia zile za umeme tu. Za mafuta ya methanoli zina magonjwa yake, na mafuta yenyewe hayapatikani kirahisi huku kwetu.

Matatizo yaliyomo humu ndiyo yanayorudi tena na tena kwa wanaohama kutoka ndogo kwenda kubwa. Mengi hayatokani na ubovu wa chombo. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ardhi yake ni ya kichanga chenye vumbi laini, na kiangazi hewa ni kavu na ya moto. Vijitabu vinavyokuja na helikopta haviandikwi kwa mazingira hayo, na ndiyo maana mtu anafuata kila maelekezo na chombo bado kinamsumbua.

Kabla ya kugusa chochote

Panga la saizi ya 700 likizunguka mara 2,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu kilomita 600 kwa saa. Halichubui ngozi, linakata mfupa. New York, mwaka 2013, kijana mzoefu aliuawa na helikopta yake mwenyewe ya saizi hii. Mazoea ya kushika ndogo mkononi huku inazunguka yaishie kwenye ndogo.

Kwa hiyo ukaguzi wote wa mezani unafanyika mapanga makuu yakiwa yamevuliwa na nyaya za mota zimechomolewa kwenye ESC, kile kisanduku kinachopeleka umeme kwenye mota. Ukikagua ikiwa inazunguka, simama mita 10 au zaidi, na usisimame usawa wa rota, kwa sababu kitu kikichomoka kinaruka kwa upande. Watu wengine wakae mita 30 au zaidi. Watoto watakuja, na mlio huu unawaita kutoka mbali, basi awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwazuia tu, asiwe anatazama helikopta.

Suala la ruhusa nalo lisichukuliwe kijuujuu. Vyombo vya kurushwa kwa mbali viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na uwanja wa ndege wa Tabora uko jirani kabisa na mji. Pata kibali, toka mjini, na ukifika kwenye eneo ongea na serikali ya kijiji kwanza. Uliza pia mizinga ya nyuki iko wapi. Huku inatundikwa porini kila upande, na nyuki hawapendi kelele na mtetemo.

Taa zinawaka, inalia, mota haizunguki

Mara nyingi ni rimoti. Kijiti cha mota hakiko chini kabisa, au swichi ya kukata mota imewashwa, na ESC inakataa kuanza. Hiyo ni kinga, usitafute namna ya kuipita.

La pili ni jairo. Kwenye hizi kubwa jairo ndiyo akili inayosawazisha rota kuu pamoja na mkia, na kila unapowasha inahitaji sekunde chache za kutulia ili ijue ulalo wake. Upepo wa Agosti ukiitikisa, au ukiiwasha ukiwa umeishika, haimalizi kujipima. Iweke chini, washa, rudi nyuma, subiri taa yake itulie.

Likibaki, ESC haijafundishwa mwanzo na mwisho wa kijiti cha rimoti yako. Fuata utaratibu wa kitabu chake. Mwisho kabisa ni plagi iliyoungua au solda iliyoachia. Betri za 6S (yaani seli sita zilizoungwa mfululizo) kwenda juu hutoa cheche unapochomeka, na cheche hizo hula plagi kidogo kidogo, hivyo tafuta plagi ya kuzuia cheche.

Acha hapo kama ESC inapata moto bila mota kuzunguka, au unasikia harufu ya kuungua. Chomoa betri. Nyaya nene za namna hii aunge fundi wa elektroniki mwenye chuma cha solda chenye nguvu. Kile kidogo cha kutengenezea redio huacha muungo unaong'aa nje lakini umeshika nusu tu ndani.

Inazunguka vizuri lakini inanyanyuka kwa shida, hasa mchana

Hili ndilo lalamiko la Tabora hasa, na wengi wanakimbilia kununua mota mpya bila sababu.

Tuanze na hewa. Kwenye hali ya kawaida inayotumiwa kupimia ndege, usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.225. Dar es Salaam mchana wa nyuzi 32 inashuka hadi kama 1.15. Tabora kwa joto hilo hilo inabaki kama kilo 1.0 tu. Ina maana panga lile lile, kwa kasi ile ile na pembe ile ile, linanyanyua pungufu kwa asilimia 13 hivi kuliko Dar. Kigoma, ufukweni kwa Ziwa Tanganyika, iko kama mita 770, kwa hiyo nafuu ipo lakini si kubwa. Saa moja asubuhi ya Juni, nyuzi zikiwa 18, hewa ya Tabora inarudi karibu 1.05, na utaiona helikopta imechangamka bila kubadilishiwa kitu.

Kipimo cha kwanza basi hakina gharama: irushe mapema asubuhi. Tatizo likiisha au likipungua sana, mgonjwa si mota.

Halafu angalia mambo haya kwa mpangilio huu.

Mapanga yamefungwa kinyume. Ule upande mnene wa mviringo ndio unaotangulia kwenye mwelekeo wa mzunguko, na nyingi huzunguka kufuata saa ukizitazama kutoka juu. Kosa hili ni la kawaida kwa siku ya kwanza, na linaonekana kwa macho.

Pembe ya mapanga ni ndogo mno. Ndogo nyingi za sebuleni hazibadilishi pembe, zinaongeza kasi tu. Kubwa inashika kasi moja na kunyanyuka kwa kubadilisha pembe. Pima kwa kipima pembe, hapa mapanga yakibaki mahali pake lakini nyaya za mota zikiwa zimechomolewa: kijiti katikati kiwe nyuzi 0, juu kabisa kama 10 hadi 12 kwa mwanafunzi, na kusimama hewani kwa kawaida kunahitaji kama 5 au 6. Kwa huku kwetu usishangae ikitaka moja zaidi.

Betri imechoka. Seli moja iliyojaa ni volti 4.2. Betri ikionyesha 4.2 mezani halafu ikashuka chini ya 3.5 mara tu unaponyanyua, imechakaa ndani au haina uwezo wa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo. Jaribu nyingine kabla ya kugusa kitu kingine.

Kasi ya rota iko chini. Hesabu yake ni rahisi: KV ya mota (mizunguko yake kwa dakika kwa kila volti moja) mara volti, gawanya kwa uwiano wa gia, kisha toa kama asilimia 12 ya hasara. Mota ya KV 500, betri ya 12S yenye volti 44.4, gia 10 kwa 1: unapata 2,220, na baada ya hasara karibu 1,950 kwa dakika. Kufidia lile pengo la Tabora na Dar unahitaji kasi zaidi kwa asilimia 7 hivi, yaani karibu 2,100. Kwenye ESC yenye gavana, yaani inayoshikilia kasi ya rota isibadilike, unapandisha kwenye rimoti. Isiyo na gavana inaweza kutaka pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, yenye jino moja zaidi. Soma kwanza kikomo kilichoandikwa kwenye kifurushi cha mapanga na usikivuke hata kidogo, maana nguvu inayolivuta panga litoke kwenye kishikio chake hukua kwa mraba wa kasi.

Cha mwisho ni beringi ya upande mmoja iliyo katikati ya gia kuu, ile inayoiachia rota iendelee kuzunguka mota ikizimwa. Ikiteleza, utasikia mota inapanda kasi na rota haifuati. Shika gia kuu, zungusha rota kwa mkono: upande mmoja iende bure, upande mwingine ishike bila kuteleza hata kidogo. Ikiteleza safisha grisi iliyozidi. Ikirudia, badilisha. Haitengenezwi.

Inatetemeka

Hapa nitakaa, kwa sababu mtetemo ni mzazi wa magonjwa mengine. Unalegeza bolti, unaichanganya jairo mpaka mkia unapotea, unakata nyaya ndani ya plastiki yake bila kuonekana. Kwenye ndogo ulikuwa unauvumilia. Kwenye kubwa usiruke nao hata dakika moja ya ziada.

Tofautisha kwanza aina. Upo mtetemo wa kasi, wa kuvuma, ambao unauona mkiani: ncha za mapezi zinakuwa na ukungu. Na upo mtikisiko wa polepole, mwili mzima unayumba kama pia inayoishiwa nguvu. Vyanzo vyake si vimoja.

Ule wa polepole, mara nyingi, ni mapanga kufungwa kwa kukazwa mno au kulegezwa mno. Ukiilaza helikopta ubavu, panga likiwa la ulalo, lisianguke lenyewe, ila lishuke ukitikisa kidogo. Mapanga mawili yawe na ukazo mmoja. Likikazwa mno haliwezi kujinyoosha lenyewe linapozunguka, na rota yote inakuwa na uzito upande mmoja. Chanzo kinachofuata ni raba za dampa ndani ya kichwa cha rota zilizochoka. Kwa joto letu zinalainika na kupasuka mapema. Na kama inayumba ikiwa bado chini, miguu ikiwa juu ya ardhi, halafu inazidi kila sekunde, hiyo ni hatari ya peke yake: mwili na rota vinasukumana kwa mdundo mmoja hadi helikopta inajipindua. Kata mota papo hapo. Usijaribu kuinyanyua ili utoroke, hasa ukiwa bado mwanafunzi.

Ule wa kuvuma unafuatwa kwa kuvua sehemu moja moja. Vua mapanga makuu, washa kwa kasi ya chini, simama mbali. Umeisha? Tatizo liko kwenye mapanga au ile shafti ya ulalo inayopita kati ya vishikio. Haujaisha? Vua mapanga ya mkia, rudia. Bado? Sogeza mota ili pinioni isiguse gia kuu, iwashe peke yake. Ikivuma peke yake, beringi za mota zimekufa au shafti yake imepinda. Ikitulia, rudi kwenye shafti kuu, gia kuu na beringi zake. Ni kazi ya nusu saa, na haijawahi kushindwa na kubahatisha.

Mapanga yenyewe yakishukiwa, pima uzito wake kwenye mizani ndogo ya sonara au ya jikoni inayosoma gramu. Tofauti ifidiwe kwa kipande cha utepe kwenye jepesi, baada ya kuhakikisha kitovu cha uzito cha kila moja kiko umbali uleule kutoka tundu la bolti. Halafu angalia kama yanapita njia moja: bandika utepe wa rangi kwenye ncha ya moja, rusha kidogo, tazama ukiwa mbali. Moja likipita juu ya jingine, zungusha kijiti cha gololi cha lile la juu ili pembe yake ipungue, nusu mzunguko kwa mara moja, usizidishe.

Shafti ikagulie juu ya kioo cha dirisha. Ivingirishe polepole na utazame mwanga chini yake. Ukiona mwanga unafunguka na kufunga, imepinda. Na hapa naomba sana: usimpelekee fundi chuma ainyooshe. Tabora ina mafundi hodari, watakunyooshea ekseli ya trekta, lakini shafti hizi ni chuma kilichopikwa kwa ugumu maalumu. Kikipinda na kunyooshwa kinabaki na ufa usioonekana, na kitakatikia hewani. Bolti ni hivyo hivyo. Bolti ya kushikia panga isibadilishwe na ya duka la vifaa vya ujenzi hata ikiingia vizuri, maana ya helikopta ni ya daraja la juu la ugumu na ile ya dukani ni laini. Kila bolti inayoingia kwenye chuma iwekwe tone la gundi ya nati ya bluu. Kwenye plastiki usiweke, inapasua.

Vumbi nalo linaingia hapa. Mchanga wetu ukiingia kwenye beringi na gololi za vijiti, unasaga taratibu. Usipake oili kwenye gia zilizo wazi, oili inashika mchanga na kugeuka msasa. Tumia kilainishi kikavu. Iruke na itue juu ya ubao mpana wa plaiwudi. Turubai na mkeka visitumike, upepo wa rota unavinyanyua na rota inavinasa.

Mkia hautulii

Unazunguka hovyo mara tu inaponyanyuka: karibu kila mara jairo inasahihisha kinyume. Kata mota. Mezani, nyaya za mota zimechomolewa, washa risiva, kile kipokezi cha amri za rimoti. Geuza pua ya helikopta kulia kwa mkono na uangalie servo ya mkia (ile mota ndogo inayosogeza kijiti cha mkia) inakwenda wapi. Sasa iache itulie, halafu kwenye rimoti toa amri ya pua kwenda kushoto. Servo iende upande uleule. Ikienda kinyume, badilisha mwelekeo wa jairo kwenye mpangilio wake, si wa servo. Kipimo hiki kifanywe kila baada ya kugusa mpangilio, hata kama una uhakika.

Kama mwelekeo uko sawa na bado unazunguka, angalia mkanda wa mkia kama umekatika meno au umelegea, kisha kishikio cha servo kama kimeteleza kwenye shafti yake.

Unatikisika haraka kushoto kulia: nguvu ya jairo imewekwa juu mno. Ipunguze kidogo kidogo hadi utulie. Usipotulia hata chini sana, kuna kitu kinakwama: chomoa kijiti kwenye servo na usogeze kitelezi cha mkia kwa kidole. Kiende laini mwanzo hadi mwisho. Mchanga ndio mshukiwa wa kwanza.

Unateleza polepole upande mmoja: imetoka kwenye gari lenye joto na kuwashwa kwenye asubuhi ya baridi, au kinyume chake. Iache nje dakika kadhaa kabla ya kuwasha. Kama si hivyo, kuna mchepuo (trim) umeachwa kwenye rimoti. Mchepuo wa mkia uwe sifuri.

Unaruka ghafla, mara moja moja, bila mpangilio, kiangazi tu: fikiria umeme tuli. Mkanda wa raba ukisugua ndani ya bomba la mkia kwenye hewa kavu ya Septemba unakusanya chaji, na chaji ikirukia kwenye nyaya jairo inapigwa bumbuwazi. Unganisha bomba la mkia na fremu ya chuma na kiwiliwili cha mota kwa waya mwembamba ili chaji isipate tofauti ya kurukia, na nyunyiza kidogo silikoni kavu kwenye mkanda. Wenye mkia wa shafti badala ya mkanda hawapati shida hii.

Inavutwa upande mmoja

Upepo kwanza, kisha betri kuwekwa mbele au nyuma mno. Inyanyue kwa kushika kichwa cha rota, mota ikiwa imechomolewa, ione inalala wapi. Kisha swashipleti, ile sahani iliyo chini ya kichwa cha rota: kijiti kikiwa katikati iwe sawa pande zote. Usisahihishe kwa mchepuo wa rimoti kama ulivyozoea kwenye ndogo. Jairo inausoma kama amri ya kugeuka isiyoisha, na helikopta itajipindua ikiwa bado chini. Kipimo cha jairo hapa: iinamishe mbele kwa mkono, swashipleti irudi nyuma kana kwamba inataka kubaki sawa na upeo wa macho. Ikiinama zaidi mbele, usirushe. Itajipindua ndani ya sekunde moja.

Servo zinarukaruka au mawasiliano yanakatika

Watu wanalaumu rimoti. Mara nyingi ni njaa ya umeme. BEC, ile sehemu inayoshusha umeme wa betri kubwa kulisha risiva na servo, inazidiwa servo zote zinapovuta pamoja, volti zinashuka, risiva inazima na kuwaka tena. Ukisogeza vijiti vyote kwa kasi mezani na taa ya risiva ikapepesa, umeshapata jibu. Kubwa yenye servo za chuma iwe na BEC yake yenye uwezo au betri ya peke yake ya risiva.

Baadaye kagua antena. Ziwe mbili zimekaa pembe mraba kati yake, ncha zikiwa mbali na kaboni na betri, kwa sababu kaboni inazuia mawimbi ya 2.4 GHz. Fanya jaribio la umbali kwa rimoti iliyopunguzwa nguvu kila siku mpya ya kurusha. Na weka mpangilio wa dharura: mawasiliano yakikatika, mota ikate. Kubwa inayoendelea kwenda bila mtu inaweza kuvuka mashamba mawili ya tumbaku kabla haijaanguka.

Mawasiliano yakikatika mara moja na hujapata sababu, hiyo imetosha. Haitakiwi kuruka tena mpaka mrushaji mzoefu wa saizi hiyo aione, hata kwa kumtumia video na picha za nyaya zilivyopita.

Mota, ESC au betri vinapata moto

Gusa mara tu baada ya kutua na kuchomoa. Ukishindwa kushikilia kidole sekunde chache, kumefika nyuzi 60 au zaidi. Kwa mota bado linavumilika, kwa betri ya lipo (lithiamu-polima, aina inayotumika kwenye hizi) ni mwisho wake. Chanzo cha kawaida ni kuruka muda mrefu kupita kiasi. Weka saa ya rimoti itakayokushusha ukiwa umetumia si zaidi ya asilimia 80. Baada ya hapo angalia gia kuu na pinioni kama zimebanana mno, kisha pembe kubwa kupita kiasi, kisha pinioni kubwa uliyoweka kufidia hewa. Gharama ya hewa nyepesi ni hii: inanyanyua kidogo na inapoza kidogo.

Kuchaji kuna tatizo lake. Betri ya 6S ya 5,000 mAh kwa amp 5 inataka karibu wati 126 mwishoni, wakati chaja iliyokuja na ndogo ni ya wati 50, ndiyo maana inachukua saa na saa. Umeme ukikatika unaweza kutumia betri ya gari: itatolewa karibu amp 12, kwa hiyo betri ya 50 Ah ihesabie kuchaji mara mbili, usiimalize. Jenereta ndogo isiyo na umeme tulivu iache. Chaji nje au juu ya sakafu ya saruji, chombo cha mchanga kiwe karibu, na usiondoke. Betri isiyotumika wiki nzima ihifadhiwe kwenye volti 3.80 hadi 3.85 kwa seli, wala isiachwe kwenye gari lililofungwa juani.

Betri iliyovimba haina tiba. Usiitoboe, usiiminye, usimpe mtoto wa jirani achezee. Iweke nje kwenye chombo cha chuma au udongo chenye mchanga.

Imeanguka

Kata mota kwanza, hata kabla hujajua imeangukia wapi. Nenda na maji na koleo, kwa sababu lipo iliyotoboka inaweza kuwaka dakika nyingi baadaye, na nyasi za miombo mwezi wa tisa hazihitaji kuambiwa mara mbili. Chomoa betri, iweke kwenye mchanga mtupu, kaa nayo nusu saa.

Kisha usiulize nini kimevunjika, uliza nini kina haki ya kubaki. Ile shafti ya ulalo inabadilishwa hata kama inaonekana nzima. Shafti kuu inapita kwenye kioo. Panga la kaboni lenye mkwaruzo mzito, ufa, au linalotoa sauti mbovu ukiligonga kwa kucha linatupwa, na mwenzake anatupwa naye kwa sababu yanauzwa yakiwa yamelinganishwa. Gia kuu ihesabiwe meno kwa kucha, jino kwa jino. Kila servo isukumwe kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Ukihisi jino linaruka, gia zake zimepasuka. Bomba la mkia lenye bonyeo halitumiki tena, hata bonyeo likiwa dogo.

Kama fremu imepasuka, au umepata majeraha ya aina yoyote ya panga, usiendelee na ukaguzi. La kwanza linataka mtu aliyewahi kuijenga helikopta ya saizi hiyo kutoka mwanzo. La pili linataka hospitali, siku hiyo hiyo.

Ikirudi hewani, iwe asubuhi, bila watazamaji, isimame hewani dakika moja usawa wa kichwa, ukiwa mbali nayo. Ishushe, chomoa betri, gusa mota na ESC, pitisha alenki kwenye kila bolti ya kichwa cha rota na mkia. Ukikuta hata moja imelegea, tafuta mtetemo ulioilegeza kabla ya kuchomeka tena.